Mdakaji Kutoka Mstari wa Matikiti

Dooley Fork, Georgia
Jumapili, 10 Septemba 1978

Rodell,

Mimi mzima, mguu wa kushoto tu ndio mbishi. Mama yako Verlene naye mzima, leo kanisani kaimba mpaka kofia ya mke wa mchungaji ikatikisika. Hayo yamekwisha. Sasa tuongee habari ya jana.

Jana tulikuwa kwa Wardell Sapp, kwenye kibanda chake cha kinyozi, watu wamejaa mpaka wengine wamekalia ndoo. Redio ilibidi tuifunge waya hadi kwenye bati ndipo ikamshika mtangazaji wa chuo chenu na ule mpira wenu wa kurusha na kudaka kwa mikono. Akasema, "Peavy yuko peke yake kule pembeni, mpira unamwendea..." Watu wote wakasimama. Hata aliyekuwa ananyolewa akasimama, nusu ya kichwa ina nywele, nusu haina. Halafu mtangazaji akasema, "Aaah! Umemponyoka." Tukakaa. Baadaye tena vilevile. Tukasimama, tukakaa.

Wardell akazima mashine yake akanitazama. "Mzee Tharpe, hivi huyu mjukuu wako walimwosha mikono kwa maji ya bamia?"

Watu wakacheka kama wamelipwa. Nikamwambia, "Wardell, wewe kata nywele. Mambo ya kudaka niachie mimi."

Maana wao wanajua mimi ni nani. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwenye kudaka mimi ni profesa. Nimesimama kwenye mstari wa matikiti maji tangu babu yako mzaa baba hajaota ndevu. Tikiti linatoka shambani linarushwa mkono kwa mkono, mtu kwa mtu, mpaka kwenye lile basi la shule tulilolikata paa, na anayesimama mwisho, pale linapofika likiwa na hasira, ni Lucious Tharpe. Sijapasua. Nenda ukaulize kaunti nzima.

Na wewe nilikufundisha mwenyewe, baba yako alipofariki, ukiwa huna hata meno ya mbele. Umesahau nini? Vidole ni vya kulia kuku. Fungua mikono, kiache kitu kije chenyewe mpaka kifuani, ukikumbatie, urudi nacho nyuma kidogo. Basi. Na kumbuka uliondoka Agosti sijakuachia mkono. Maana yake bado uko kwenye mstari wangu, na mtu wa mstari wangu anadaka ninavyotaka mimi.

Jumamosi tutakuwa palepale tena. Usiniaibishe mbele ya Wardell.

Mimi,
Lucious Tharpe, Mkuu wa Mstari


Chuo cha Zion Hill
15 Septemba 1978

Babu Tharpe,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na wenzangu wa chumbani nimewasomea hapo kwenye vidole na kuku, wamecheka sana. Mwambie mama keki ilifika, imevunjika lakini imeliwa.

Nimesikia yote uliyosema, Babu. Huku mrushaji wetu anarusha kwa nguvu mno, mpira unakuja kama umetumwa na adui. Na Kocha Mabry ana namna yake ya kufundisha. Lakini mimi nakumbatia kama ulivyonifunza. Sijabadilisha.

Kuna jambo moja nakuomba usimwambie mama. Chuo mwaka huu kinapunguza wachezaji wanaosomeshwa bure. Wadakaji wa pembeni tuko wengi kuliko nafasi. Wataamua baada ya mechi ya Sikukuu ya Kurudi Chuoni, ile ya tarehe 28 Oktoba, wanayokuja wanafunzi wote wa zamani. Nikiachwa sitaweza kubaki, unajua nyumbani hali ilivyo. Basi niombee.

Wasalimie kwa Sapp.

Mjukuu wako,
Rodell


Dooley Fork
Jumatatu, 25 Septemba 1978

Rodell,

Nilitaka kuandika wiki iliyopita, nikasema ngoja nione mechi nyingine labda ataamka. Nimeona. Yaani nimesikia.

Ule mpira wa karibu na mstari wa goli, mtangazaji anasema ulikupiga kifuani ukaruka juu, adui akaudaka akaondoka nao. Kwa nini uliruka? Kwa sababu hukukumbatia haraka! Ulikuwa unauogopa. Ukikiogopa kitu kinakujua. Kumbatia zaidi. Nenda nao nyuma zaidi. Mwaka wa ile mvua kubwa nilidakishwa tikiti lililoloa matope, zito kama ndama, mrushaji amelewa, nami nikalipokea hivi hivi nikiwa natafuna karanga. Muulize yeyote. Walioona wengi wamekufa lakini uliza.

Hapa mambo yamekuwa makubwa. Kanisa limetoa basi lake tuje kwenye Sikukuu. Wardell amebandika picha yako kwenye kioo cha kinyozi, ile uliyovaa tai, kwa hiyo ukinyolewa unajikuta unaangaliana na Rodell. Shemasi anakuombea kwa jina, na juzi aliomba hivi: "Bwana, mfungue huyu kijana mikono." Mimi nikafungua jicho moja nikamwangalia vibaya. Mikono yake haina tatizo!

Kila mtu ana dawa yake. Mmoja anasema ulale na mpira kitandani. Mwingine anasema ule ini. Nawaambia nyinyi nyamazeni, kijana ana mwalimu.

Na hata hicho chuo kikikutupa, usilie. Juni matikiti yatakuwa pale pale na mstari utakuwa pale pale. Nina mpango na wewe ambao sitauandika hapa.

Lucious Tharpe, Mkuu wa Mstari


Zion Hill
2 Oktoba 1978

Babu Tharpe,

Shikamoo. Najua mlisikiliza Jumamosi na hamkusikia jina langu. Mguu ulinishika kidogo, Kocha akanipumzisha. Msiwe na wasiwasi. Mwambie Shemasi asante kwa maombi, na Wardell aishushe ile picha, tai yenyewe haikuwa yangu.

Rodell


Chuo cha Zion Hill
Idara ya Michezo
5 Oktoba 1978

Kwa Mzee Lucious Tharpe,

Hatujawahi kuonana. Mimi ndiye kocha wa Rodell Peavy. Unisamehe kukuandikia bila yeye kujua.

Mguu wa Rodell hauna neno. Nimemweka benchi kwa sababu ya jinsi anavyodaka. Kijana huyu ana mbio ambazo sijaziona kwa mchezaji yeyote niliyemfundisha, na ana akili ya kumkimbia mkabaji. Lakini mpira ukimfikia anaupokea na kifua kama anayepokea mtoto wa jirani. Chini ya jezi wachezaji huvaa kinga ngumu, na mpira ukigonga pale unaruka. Mpira hudakwa kwa vidole, mbele ya mwili, macho yakiuona hadi mwisho. Nimemwonyesha tangu mwaka jana.

Wiki iliyopita nilimuuliza, "Peavy, nani alikufundisha kudaka na kifua?"

"Babu Tharpe, Kocha."

"Basi kuanzia leo acha."

"Siwezi, Kocha. Hajaniachia mkono."

Nilidhani ananifanyia mzaha, nikamwamuru azunguke uwanja hadi nitakapochoka mimi. Akazunguka. Akarudi ametota jasho, akasema neno lilelile kwa heshima ileile.

Sijui maana ya kuachia mkono, Mzee. Najua tu kwamba tarehe 28 ni mechi ya Sikukuu, baada yake nitapeleka majina ya wanaobaki, na kwa hali ilivyo jina lake silipeleki. Kama kuna neno ambalo ni wewe peke yako unaweza kumwambia, tafadhali mwambie.

Wako kwa heshima,
Hollis Mabry


Dooley Fork
9 Oktoba 1978

Wewe Kocha,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa kwa hasira. Mtoto wa jirani! Nikupe habari: mimi nimedaka vitu vizito kuliko wewe ulivyowahi kuinua, na sijavaa kinga.

Hujui kuachia mkono ni nini, nitakueleza, maana huko chuoni hamfundishwi. Mstari wa matikiti ni watu wengi wanaofanya kazi kama mtu mmoja. Kila mtu amepewa namna yake ya kudaka na ya kurusha, jirani yake anaitegemea bila kuangalia. Siku mmoja akijibadilishia mkono kwa kichwa chake, anayefuata anavunjika vidole. Nimeona kwa macho yangu vidole vya mtu vikielekea visikotakiwa. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna anayebadilisha mpaka mkuu wa mstari aseme. Na mkuu huwa hasemi ovyo. Akimwita mtu kwa jina na kumwambia "achia mkono," amemtoa kwenye mstari. Hadaki tena kwetu, si kesho, si Juni ijayo. Nimewaambia watu wachache sana. Mmoja alikuwa ndugu yangu tumbo moja, macho yake yalipokufa, na nilikaa wiki nzima sili.

Sasa unataka nimwambie hivyo kijana ambaye nimemlea nimkabidhi mstari wangu? Kwa ajili ya mpira wenye umbo la kiazi?

Mwambie mrushaji wako arushe kwa adabu. Tatizo liko huko.

Lucious Tharpe, Mkuu wa Mstari


Zion Hill
13 Oktoba 1978

Babu Tharpe,

Shikamoo.

Kocha ameniita akanisomea barua uliyomjibu. Nisamehe kwa habari ya mguu. Nilikudanganya kwa sababu sikutaka kusema nimewekwa benchi kwa ajili ya ulichonifundisha. Nilidhani nikikumbatia kwa nguvu zaidi itakubali, nisiwe na haja ya kukwambia kitu.

Sikujua ulikuwa unaniwekea mstari. Babu, hukuwahi kuniambia. Nilidhani siku zote unaniona mzembe.

Nikwambie ninachokiona huku, halafu sitakisema tena. Tikiti ukilipokea kifuani linatulia, lina uzito wake, linataka kulala. Mpira hauna uzito. Ndani una upepo tu na chini ya jezi tunavaa kinga ngumu kama ubao. Haulali, unaruka. Jioni wenzangu wakienda kula, mimi na mrushaji tunabaki kidogo, namwambia anirushie nijaribu vidole. Nilijaribu siku mbili. Vinashika, Babu. Vinashika vizuri. Lakini kila nilipodaka nilijisikia kama nimeiba kitu nyumbani kwako, nikaacha. Mrushaji ananiambia, "Peavy, wewe ni mgonjwa. Yule mzee yuko mbali, hakuoni." Nikamwambia kwenye mstari hatukuwahi kutazamana pia.

Kwenye mechi sitafanya bila neno lako. Na neno lenyewe sikuombi, kwa kuwa sasa nimejua bei yake. Ukitaka nirudi Juni, nitarudi na nitasimama unaponiweka, sitanung'unika.

Ila nisingependa nikufiche tena. Napenda huku. Kuna muda mfupi mpira ukiwa juu, umeshamwacha mkabaji, hakuna anayekugusa na watu wote wamenyamaza. Nautaka ule muda kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Rodell


Dooley Fork
Jumatatu, 23 Oktoba 1978

Rodell,

Umeona kimya changu. Watu wakasema mzee amekasirika, mama yako akaniletea kambare wa kukaanga kama vile nimefiwa. Sikukasirika. Nilikuwa na kazi.

Uliposema ubao, nikasema huyu kijana ananifundisha mimi? Nikaenda nyumbani kwenu nikachukua ule ubao wa kufulia wa mama yako, nikaufunga kifuani chini ya koti. Nikamfuata Wardell, nyuma ya kibanda chake, nikamwambia kamata mpira unirushie, na urushe kama mwanamume. Akaniuliza, "Mzee, unakwenda vitani?" Nikamwambia rusha.

Akarusha. Nikaupokea kifuani kwa utaratibu wote, hakuna duniani ambaye angeupokea vizuri kuliko mimi. Ukagonga ubao, ukarudi ulikotoka, ukampiga Wardell Sapp kwenye paji la uso. Wateja wote walikuwa wamejipanga dirishani. Nikasema jua lilikuwa machoni. Kulikuwa na mawingu. Tukarudia, nikakumbatia haraka, ukanipiga kidevu. Tukarudia.

Halafu nikanyoosha vidole. Vidole hivi unavijua, vimepinda kama mizizi ya mwerezi. Nikaushika. Sio wa kwanza. Wardell atakwambia mengi kuhusu ni wa ngapi, usimsikilize, yule ana uvimbe kichwani.

Sasa sikiliza vizuri. Mimi sijakosea. Kwa tikiti sijawahi kukosea na sitakosea mpaka nazikwa. Ila mpira si tikiti, na hilo ni kosa la mpira.

Lakini sitakudanganya kwamba ni ubao ulionichelewesha. Ubao ulikuwa kazi ya asubuhi moja. Siku nyingine zote nilikuwa nakaa barazani. Nilikuwa nimeshakuona, Rodell. Nimekuona Juni umesimama mwisho wa mstari, mahali pangu, unapanga watu, mimi nimewekewa kiti kivulini, nakunywa chai yangu ya baridi na kukutukana. Ndio mpango ambao sikuuandika. Wewe hukuona uzembe wako usoni mwangu, uliona uso wangu tu, ndivyo ulivyo.

Mtu hawezi kuachiwa mkono kwa barua, unajua. Kwa hiyo jana baada ya ibada niliwaita watu wote wa mstari, tukaenda shambani na viatu vya kanisani. Shamba tupu, majani yamekauka. Tukajipanga kila mtu mahali pake, na mahali pako tukapaacha wazi. Verlene alisimama pembeni kabisa, karibu na uzio. Shemasi akataka kuomba, nikamwambia hii sio yako.

Nikatamka kwa sauti, nimeelekea upande wa chuo:

"Rodell Peavy, achia mkono."

Wakavua kofia. Mimi pia.

Basi. Wewe si wangu tena. Daka na vidole, daka na meno, daka atakavyo huyo Mabry. Kwenye basi la Jumamosi mimi sitakuwemo, mguu wangu haupendi kukunjwa njia nzima. Redio ipo.

Lucious Tharpe, Mkuu wa Mstari


Zion Hill
Jumapili, 29 Oktoba 1978

Babu Tharpe,

Shikamoo.

Najua redio imekwambia tumeshindwa. Lakini redio haioni kila kitu, kwa hiyo nakwambia mimi.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisomea kwenye ngazi za bweni, sikuwaomba wenzangu wasikilize. Kesho yake nikamwambia Kocha, "Nimeachiwa." Alisema tu, "Basi njoo," tukafanya kazi mpaka nikashindwa kukunja ngumi.

Kocha aliniingiza kipindi cha pili. Mpira wa kwanza ulikuja juu ya bega. Nilinyoosha mikono, Babu, na kwa muda nilihisi watu wawili, mmoja kila upande wangu, kama wakati ule wa jua kali tukiwa tumesimama kwenye mstari wa matikiti. Halafu hawakuwepo. Vidole vikafunga. Nilikwenda chini nao, nikainuka nao.

Wa pili niliuangusha. Nikamsikia Wardell kule juu jukwaani, "Mleteni hapa nimnyoe!" Watu wa jukwaa lile wakacheka, nami nikacheka kidogo ndani ya kofia yangu ngumu ya mchezo. Wa tatu nilidaka, na wa mwisho niliudaka kwenye ukingo kabisa, miguu miwili ndani, mkabaji ananining'inia mgongoni. Bado tukashindwa. Lakini watu wa Dooley Fork walishangilia kama waliobeba kombe, mpaka wenyeji wakaanza kuulizana hawa wamekunywa nini. Mama alishuka uwanjani na mkoba wake, mlinzi akamwambia hairuhusiwi, akamwambia, "Mwanangu, niwie radhi," akapita.

Kocha ameniambia jina langu amelipeleka. Ameniambia pia Juni nisiende nyumbani, wanaobaki wanaanza mazoezi mapema.

Nilikuangalia kwenye jukwaa, ingawa ulisema hutakuja.

Nani atasimama mahali pangu?

Rodell


Dooley Fork
4 Novemba 1978

Rodell,

Redio ilisema vizuri tu. Tulibaki wachache kwenye kibanda cha Wardell, mimi na wasiopenda basi, funguo tumeachiwa na Wardell, na ule wa mwisho nilisimama kabla mtangazaji hajamaliza kusema. Mguu haukuniuma. Baadaye ndio ukaniuma.

Wardell karudi hana sauti. Sasa anasimulia kila mteja kama vile alidaka yeye. Nimewaambia wote waelewe jambo moja: kudaka huko kwa vidole umefundishwa na Mabry, simnyang'anyi. Kuachiwa umeachiwa na mimi. Watafute kocha mwingine anayejua hilo.

Ule wa pili, ulioanguka, uliangalia mkabaji kabla hujauona mpira mpaka mwisho. Mtangazaji hakusema lakini nimejua. Rekebisha.

Umeuliza nani atasimama mahali pako. Watu wanaleta wapwa zao, wanaleta wakwe. Nimewajaribu kwa maboga. Hawafai.

Juni nitasimama hapo pako mwenyewe. Usicheke.

Lucious Tharpe